Ameniambia kama mwanaye, lakini mimi ndiye ninayejaza fomu yake

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, msimamizi wa madereva katika kampuni ya malori hapa Dar es Salaam. Malori yetu yanapakia bandarini na kupeleka mizigo Zambia na Kongo, kwa hiyo maisha yetu yote ni barabara ya Morogoro, Iringa, Mbeya mpaka Tunduma mpakani. Nilisomea usafirishaji darasani. Usukani wa semitrela sijawahi kuushika, na madereva hawachoki kunikumbusha.

Mwaka huu tajiri alifunga mfumo wa GPS unaompa kila dereva alama kila mwezi: mwendo kasi, breki za ghafla, kona, mafuta, na injini kuunguruma gari likiwa limesimama. Wenye alama za chini wanaletwa kwangu. Agizo ni kwamba nimwite mmoja mmoja, niongee naye, nijaze fomu, tutie saini wote wawili, na baada ya muda alama zisipopanda, barua. Watatu wamebaki mkiani tangu mfumo uanze: vijana wawili na mtu mzima mmoja ambaye nitamwita Mzee Suka.

Vikao vya mwanzo vilikuwa hivi. Dereva anaingia, anavua kofia, anakaa kwenye ukingo wa kiti. Namgeuzia kompyuta aone mistari myekundu. Namwambia hapa umefunga breki ghafla, hapa umepitiliza mwendo mbugani Mikumi. Anaitikia, "Sawa bosi, nimeelewa, nitajirekebisha." Anasaini, anatoka. Nje nasikia vicheko. Kuna mmoja amekipa kile kikao jina, anakiita "kwenda kuungama". Mwezi ukiisha, alama ziko palepale.

Mzee Suka ndiye anayenikosesha usingizi. Ana miaka 56, na alianza kuendesha magari makubwa kabla sijazaliwa. Hajawahi kuangusha gari. Safari hii niliona aibu kumgeuzia mtu wa rika la baba yangu kompyuta, nikaizima. Nikaagiza chai na chapati, nikamwomba anisimulie safari yake ya mwisho kuanzia getini. Akasimulia vizuri, tukacheka, halafu akanyamaza. Akasema, "Mwanangu, nitakwambia kitu. Lakini nakwambia wewe kama mwanangu, siyo ofisi."

Akaniambia siku hizi usingizi unamkamata akiwa kwenye usukani. Siyo kusinzia kwa kawaida. Anakumbuka alitoka Mikumi mjini vizuri tu. Kinachofuata anachokumbuka ni utingo anapiga kelele, tairi za kushoto ziko nje ya lami, na wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni wanakimbia kuacha meza zao. Kipande cha katikati hakipo kichwani mwake. Zile breki za ghafla zinazojaa kwenye ripoti, anasema, nyingi ni pale anaposhtuka. Wenzake wanatafuna mirungi, yeye hawezi. Ananyonya ndimu na kufungua vioo vyote.

Kisha akanishika mkono akaniomba nisiandike. Mtoto wake wa mwisho yuko chuo, nyumba yake haijaezekwa, na amebakiza miaka minne astaafu. Nilimjibu, "Sawa Mzee, tutaona." Kuahidi sikuahidi, lakini yeye aliondoka akiamini nimeahidi.

Jumatatu amepangiwa mzigo wa Lubumbashi. Nikiandika, namjua tajiri wangu, atasema mtoe. Na uwanja mzima utajua kwamba Mzee alifungua mdomo ofisini kwangu akafukuzwa. Hakuna dereva atakayeniambia ukweli tena. Nisipoandika, akienda akaua watu? Mume wangu anasema niandike nijitoe lawamani. Mama yangu anasema mtu mzima akikukabidhi siri yake huitangazi.

Nifanye nini? Na je, haya mahojiano yanamsaidia dereva kweli, au ni njia ya kistaarabu ya kumwandalia barua?

Msimamizi, Dar es Salaam

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako, nikaiacha, nikairudia jioni. Nikikuelewa vizuri, ndani ya kile kikao kulikuwa na watu wengi kuliko nyinyi wawili. Kuna Mzee aliyekuamini. Kuna tajiri anayekulipa umwambie hali ya madereva wake ilivyo. Na kuna watu wa Ruaha Mbuyuni, wenye mabasi, wenye bodaboda, ambao hawakujui wala humjui hata mmoja wao, lakini tangu siku ile unajua jambo linalowahusu. Kila ukimtazama mmoja unahisi unamsaliti mwingine.

Swali lako la mwisho ndilo jepesi, acha nilianze. Umeuliza kama mahojiano haya yanasaidia. Yale ya kompyuta yalikupatia saini. Haya ya chai na chapati yalikupatia sababu ya breki za ghafla, kitu ambacho GPS isingekwambia hata ungeikodolea macho mwaka mzima. Kwa hiyo ulivyouliza ulipatia. Kinachokusumbua ni kwamba ukweli umetoka na ofisi yenu haina mahali pa kuuweka zaidi ya ile fomu ya kuelekea barua.

Sasa niruhusu nikuulize mambo ambayo barua yako imeyachukulia kama yameshajulikana.

Umeliita jambo hili siri. Inawezekana. Lakini fikiria: Mzee anajua fika kwamba wewe ndiye mwenye fomu. Angetaka kuficha angesema "sawa bosi, nimeelewa" kama wenzake, akasaini akaenda zake. Utingo naye anajua, maana ndiye aliyepiga kelele. Mtu mzima wa miaka 56 anapomwambia msimamizi wake kwamba analala kwenye usukani, huenda anaomba asaidiwe kwa namna isiyomvunjia heshima. "Nakwambia kama mwanangu" inaweza kuwa na maana ya "usiseme", na inaweza kuwa na maana ya "nisemee vizuri". Mimi siwezi kujua ni ipi. Wewe unaweza kumuuliza.

La pili ni hizo alama. Unasema yuko mkiani. Kwenye orodha yoyote lazima awepo wa mwisho, hata madereva wote wangekuwa malaika. Je, mfumo unajua nani ameshuka mlima wa Kitonga na kontena limejaa, na nani ameshuka akiwa mtupu? Unajua nani hupangiwa kuondoka usiku na nani asubuhi? Kabla hujamwita Mzee tena, fungua hiyo ripoti utazame kitu kimoja tu, saa. Breki zake za ghafla zinatokea saa ngapi?

Nauliza kwa sababu usingizi una vipindi vyake. Mwili wa binadamu hulegea kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na hulegea tena kidogo mchana, kuanzia saa nane hivi mpaka saa kumi. Mtu aliyekaa macho saa 17 na zaidi mfululizo, uwezo wake wa kuitikia jambo la ghafla unashuka kama wa mtu aliyekunywa pombe mpaka ikafika asilimia 0.05 kwenye damu. Hilo limepimwa, na uzoefu wa dereva hauliondoi.

Halafu rudi nyuma zaidi, kabla hajafika Chalinze. Alikuwa wapi? Najua malori yanavyosubiri kupakia. Gari linakaa kwenye foleni tangu asubuhi, linasogea kidogo, linasimama, linasogea tena. Dereva halali, maana akilala atapitwa. Jioni kontena linapandishwa, karatasi zinakamilika usiku, simu ya ofisi inalia: "Toka sasa hivi, mteja anasubiri." Kwenye GPS yako ile siku nzima inasomeka kwamba gari limesimama, na anayepanga safari anahesabu kwamba dereva amepumzika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi asifanyishwe kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Muulize Mzee saa zake 12 zilianza kuhesabiwa wapi: kwenye foleni au getini.

Ukikuta breki hizo zinajaa alfajiri baada ya siku za foleni, tatizo ni la ratiba, na ratiba haipangwi na Mzee. Lakini ukikuta zipo hata saa nne asubuhi, baada ya kulala usiku mzima Morogoro, hapo natilia shaka afya. Kuna ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Mgonjwa anakoroma sana, pumzi inakatika, anashtuka kama aliyekabwa, anaendelea kulala. Usiku mzima hivyo, na asubuhi hakumbuki. Mchana usingizi unamdai. Unawapata sana wanaume wa umri wake, hasa wenye mwili na shingo nene. Mwenyewe hawezi kujua kama anao. Mkewe anaweza kujua, na utingo anayelala naye ndani ya kichwa kimoja cha lori anajua kabisa. Ugonjwa huu una tiba. Kisukari kisichodhibitiwa nacho humwamsha mtu kwenda chooni usiku kucha, na baadhi ya dawa za mafua na mzio zinalewesha usingizi. Hayo ni ya daktari, mimi nakutajia tu ili usimhukumu Mzee wala usimtetee kabla hujajua anaumwa nini, kama anaumwa.

La tatu ni tajiri wako. Unasema atamtoa. Wewe unamjua, mimi simjui. Lakini sheria haimpi njia rahisi kama anavyodhani. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zinazoendana na hiyo sheria, zinamtaka mwajiri achunguze kwanza kwa nini mfanyakazi hafanyi vizuri, amweleze kasoro, ampe mwongozo au mafunzo, na ampe muda wa kutosha kujirekebisha. Kwenye kikao cha kufikia uamuzi, mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Na ikiwa sababu ni afya, mambo yanakuwa mengine kabisa: hapo mwajiri anatakiwa aangalie ukubwa wa tatizo na kama ipo kazi nyingine anayoweza kuifanya kabla ya kufikiria kumwondoa. Dereva aliyeachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikwambii haya umtishe tajiri. Nakwambia ujue kwamba kuandika "dereva mzembe" na kuandika "dereva anahitaji uchunguzi wa kiafya" kunampeleka Mzee kwenye milango miwili tofauti.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako, na hakuna iliyo safi.

Unaweza kufuata ushauri wa mume wako, uandike yote, upeleke. Utakuwa umelinda watu wa barabarani na umejilinda mwenyewe. Hatari yake umeshaitaja: uwanja wote utajifunza kunyamaza, na dereva mwingine mwenye tatizo kama la Mzee atanyonya ndimu yake kimyakimya mpaka siku utakayopigiwa simu na polisi. Na Mzee atakapojua amesikika kwa tajiri bila wewe kumwambia, hataona kwamba umemwokoa.

Unaweza kufuata ya mama yako, unyamaze. Namheshimu mama, na kwa siri nyingi za watu wazima angekuwa sahihi. Lakini hii inabebwa na gari lenye tani kadhaa kwenye barabara wanayopita watoto wa shule. Likitokea la kutokea, utingo ataulizwa, ripoti zitafunguliwa, na itaonekana ulikaa naye mkanywa chai siku chache kabla. Nadhani hata hivyo siyo lawama unayoiogopa. Unaogopa kuishi ukijua ulijua.

Na ipo ya kurudi kwa Mzee kabla ya mtu mwingine yeyote. Umwambie waziwazi kile unachoweza kukibeba na usichoweza. "Tutaona" yako ilikuwa ya heshima, naielewa, ila imemwacha Mzee na ahadi na wewe bila ahadi. Sitakuandikia maneno, una ulimi wako mzuri. Ningekuwa mimi ningeanza hivi: "Mzee, tangu uniambie lile jambo sijalala. Kukuacha uondoke nalo Jumatatu siwezi. Naomba tutafute pamoja namna ya kulisema." Halafu nyamaza, umwachie nafasi. Pengine atataka aseme mwenyewe kwa tajiri na wewe ukiwa pembeni. Pengine atataka aende kwanza kwa daktari, arudi na karatasi mkononi. Pengine atakubali apishwe mzigo huu na apewe safari fupi za mchana, au apandishiwe dereva wa pili.

Njia hii nayo ina miiba. Anaweza kukasirika na kukana kila kitu. Akipishwa mzigo atakosa posho, na ada ya chuo haisubiri. Huenda ikabidi umpiganie kwenye hilo, na tajiri anaweza kukataa. Dereva wa pili ni gharama. Daktari anaweza kuchukua wiki. Na ukiandika kwenye fomu kwamba amesimama kwa sababu za kiafya bila maelezo, tajiri atauliza ni afya gani, na utatakiwa uwe umeshakubaliana na Mzee jibu lake ni lipi. Mengine yote unaweza kuyatafakari polepole, hata mwezi mzima. Safari ya Jumatatu haina huo mwezi.

Kuhusu hivyo vikao, nina neno moja, na hili nalisema bila kusitasita. Kabla dereva hajafungua mdomo, ajue nini kitaandikwa na nani atakisoma. Mwambie pale pale, kabla ya chai: "Ukiniambia jambo la hatari kwa maisha, sitaweza kukaa nalo, lakini nitakwambia wewe kwanza kabla sijalipeleka popote. Mengine yanabaki hapa." Wengine watakuficha zaidi kwa sababu hiyo. Watakaosema watakuwa wamechagua wenyewe kusema, na wewe hutakuwa tena kwenye shimo hili la kuahidi bila kuahidi.

Na usiwaite mmoja mmoja tu. Kampuni moja ya simu huko Uswidi iliwahi kugawa madereva wake katika makundi: wengine walipewa mafunzo ya udereva, wengine kampeni za usalama, wengine zawadi ya fedha, na wengine waliketi tu wenyewe kwa wenyewe mara chache kujadili matatizo ya barabarani, kisha kila mmoja akaamua atabadilisha nini. Matokeo yalitoka mwaka 1996, na ajali zilipungua zaidi kwa hao walioketi wakazungumza. Sisemi Uswidi ni Mandela Road. Ila madereva wako wanajua mambo ya foleni, ya Kitonga na ya usingizi wa alfajiri kuliko wewe, na kuliko tajiri pia. Wakae chini ya mti hapo uwanjani, waulizwe foleni ya bandari inawachosha vipi na nini kibadilike. Wakisema kumi na tajiri akabadilisha hata moja, lile jina la "kwenda kuungama" sidhani kama litadumu.

Vijana wawili umewapita kwa maneno machache, na mimi sitasema mengi. Kabla hujawaita tena, ulizia posho yao inalipwa kwa safari au kwa siku, maana anayelipwa kwa safari ana kila sababu ya kukimbia hata umsainishe fomu mia. Na tazama simu zinazoingia kwao wakiwa katikati ya mbuga ya Mikumi zinatoka namba ya nani. Ukikuta ni ya hapo ofisini kwenu, anza kuzungumza na huyo anayepiga.